Leopoldine Kranewitter na Namba Iliyopita Mbili

Marehemu Leopoldine Kranewitter alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 mjini Schwaz, Tirol, binti wa mwokaji mikate Alois na mkewe Notburga. Shuleni, padri alipofundisha kwamba sala ya Schwaz humponya mgonjwa aliyeko Roma, aliuliza inapitia njia gani. Alisimamishwa nje ya darasa, akarudi na swali lilelile.

Alisomea fizikia Innsbruck, akapata udaktari mwaka 1971. Mwaka 1973 alifunga ndoa na Gottfried, mwanafizikia mwenzake, na ubishi wao ukaanza kwenye meza ya harusi. Chembe mbili za nuru zilizozaliwa pamoja, hata zikitenganishwa mbali, zikipimwa majibu ya moja huoana na ya nyingine. Leopoldine alishikilia kwamba kila chembe huondoka na jibu lake. Kilicho huku hakiwezi kugusa kilicho kule bila kitu kupita katikati. Gottfried alikataa katakata.

Mwaka 1999, pamoja nasi wasaidizi wao, walijenga vituo viwili vya kupimia chembe hizo, kimoja kila upande wa bonde. Kama Leopoldine alikuwa sahihi, jumla ya hesabu ya kulinganisha majibu ya pande zote mbili isingepita mbili. Kwa desturi yao matokeo yalifichwa kwenye kompyuta: mwenye lawama na mitambo aitoe kabla hayajafunguliwa, baada ya hapo anyamaze. Leopoldine aliikagua mitambo tena na tena, maana imani ya maisha yake yote ilikuwa mle ndani.

"Poldi, kama una shaka, sema leo," Gottfried alimwambia.

"Ningekuwa nayo ungeshachoka kuisikia, mume wangu. Fungueni."

Ilikuwa mbili nukta saba. Hakuna aliyethubutu kumtazama.

"Nimeshindwa," alisema. "Andikeni, na jina langu litangulie."

Nyumbani alilia huku akimenya viazi, na Gottfried aliyeshinda akamenya naye. Tangu hapo Leopoldine alizoea kutuambia kwamba namba ameikubali, ila kuielewa bado.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Mei 2019. Muuguzi alipomfariji kwamba yeye na mumewe wataunganika daima kama chembe zake, alimkatiza.

"Hizo hazipelekeani hata salamu, binti yangu. Mwambie aje."

Gottfried alikuja kila siku. Leopoldine alifariki asubuhi ya tarehe 14 Novemba, mumewe akiwa njiani kuja hospitalini, ndani ya tramu, na supu mapajani. Mzee hakuhisi lolote. Alijua alipofungua mlango wa chumba cha mkewe, na hilo linamuuma hadi sasa.

Ameacha mume, binti yao Walburga, na wajukuu wawili. Mungu ampumzishe kwa amani, na amweleze namba ile.