Kivimbe cha Mbwa wa Lindo

Hili nawaandikia nyie mnaojibonyeza kimyakimya bafuni. Fundi cherehani mmoja alikuwa na kivimbe titini miezi miwili, hajamwambia hata mumewe, maana hakikuuma. Siku moja kwenye basi alikaa nyuma ya mlinzi mstaafu na binti anayefanya kazi maabara ya mifugo.

“Yaani wafadhili wanatoa hela kutafiti saratani ya mbwa!” mlinzi aliguna. “Na watu je, mwanangu?”

“Mzee, tukijifunza kwa mbwa, na watu watafaidika. Kwani wewe hukuwahi kufuga?”

Mzee akalegea. “Nililinda na mmoja miaka tisa. Nikipiga chafya tu, anaenda kukagua geti. Asubuhi tunagawana mkate, yeye ganda, mimi laini, kwa ajili ya haya meno yangu.” Akacheka peke yake. Kwa mtu aliyewaonea mbwa choyo, alikumbuka mengi. “Akaota kivimbe chuchuni. Kila siku nakibonyeza, halii. Nikasema, asiyeumia haumwi.”

“Wote wanaotuletea mbwa husema hivyohivyo. Wanasubiri maumivu, na maumivu huja mwisho.”

“Sawa, lakini hizo hela bado ni za watu!”

“Watu nao wanasubiri vilevile, mzee wangu.”

Basi likasimama kituo cha hospitali. Wawili hao wakashuka wakibishana. Fundi alikuwa anakwenda sokoni, vituo vitatu mbele. Akakusanya vitambaa vyake, akashuka nyuma yao.