Kiatu Chako Kimo Mtandaoni

Benchi letu la kahawa linatazamana na kibanda cha fundi viatu. Zamani ukitaka kahawa ilibidi upenye kwanza kwenye foleni ya wateja wake. Sasa unapita bila kumgusa mtu. Tangu afungue ukurasa mtandaoni na kusimamisha simu juu ya kijiti, akipiga picha kila kiatu kabla na baada ya kukishona, ana wafuasi elfu nne na hana mteja. Mwenye kibanda amempa mpaka mwisho wa mwezi, alipe kodi au ahame. Leo kaja kutuomba ushauri sisi, na hapo ndipo ujue hali yake ni mbaya.

— Jamani, nakosea wapi?

— Hukosei, alisema Mkurugenzi, ambaye ofisi pekee aliyowahi kushika ni ya mlinzi, pale getini. Wewe sasa ni kampuni. Kampuni haina wateja, ina wadau.

— Wadau wanalipa kodi?

— Wadau wanahudhuria.

Redio, kinyozi asiyenyamaza hata akiwa na wembe mkononi, akatikisa kichwa.

— Shida ni muziki. Kwenye kabla weka wimbo wa msiba, kwenye baada weka wa harusi.

— Nimeshaweka.

— Basi hao wafuasi ni mtu mmoja. Kajifungia chumbani na simu elfu nne.

— Tena ni fundi viatu mwenzako, akadakia Mkurugenzi. Ukipiga picha kiatu, simu inamnasa mwenye kiatu, inampeleka kwa huyo mwenzako.

— Wapi?

— Ng'ambo. Ndiyo maana huwaoni.

Upuuzi mtupu. Nilikunywa kahawa yangu kwa hasira, maana sababu naijua. Kiatu changu cha kulia kimo kwenye ukurasa ule, kidole gumba kinachungulia nje, na chini yake watu wamejichekea hadi basi. Shemeji yangu aliye mji mwingine alinipigia kunipa pole. Buti la Mkurugenzi limo pia, limeachama, na mtaa mzima unalijua. Lakini aseme nani? Ukisema, umekiri ni chako.

Akaja mwalimu wa shule ya jirani, mfuko mweusi kaubana kwapani.

— Habari zenu. Fundi, kesho nina mahafali na kiatu kimeachia. Ukinishonea, utakipiga picha?

Fundi akaitazama simu kijitini, kisha akatutazama sisi. Mkurugenzi akainama kufunga kamba, na viatu vyake havina kamba. Redio akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Nilitamani kumfinya fundi aseme hapana, neno moja tu, kibanda kipone. Nikabaki nimeshika kikombe.

— Wafuasi wamezoea, mwalimu, akasema fundi.

Mwalimu akaurudisha mfuko kwapani, akavuka barabara.

Simu ikalia. Fundi akaichungulia.

— Mfuasi mpya, akasema.

Hakuna aliyempongeza.