Redio ya Fundi Koili

Wasikilizaji wapendwa, saa yetu ya kuwakumbuka waliotutoka imewadia. Hebu acheni sufuria kidogo, msogee karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja, fundi cherehani, aliyezikwa wiki hii. Mtaani kwake walimwita Fundi Koili. Jina hilo lilianza kwa utani. Alilipenda, kisha akalichukia, mwishowe akalistahili.

Mumewe alikuwa fundi redio. Siku moja mama akatangaza kwamba yeye naye ataunda yake. Ndogo tu, ya mtu anayeanza: koili, transista chache, betri na spika. Akamwonya mumewe asitie mkono. Akikwama, atauliza.

Koili aliisuka kwenye kigogo cha karatasi kilichoishiwa uzi. Waya ule mwembamba wa shaba aliuzungusha kwa mkono uliozoea kujaza bobini. Akaunganisha kila kitu, akawasha. Kimya, hata mkwaruzo hakuna. Basi akauliza, kama alivyoahidi: “Nimekosea wapi?”

Mume akaomba aitazame kidogo. Alipoirudisha, redio ilikuwa inaimba. Akasema mkewe hakukosea popote, betri tu ilikaa vibaya. Na kifuniko amekigandisha kwa gundi, vumbi lisiingie.

Furaha ya mama yule, wasikilizaji wapendwa, msiiulize. Mteja akija kupimwa suruali, kwanza asikilize habari. Binti yake anatuambia, “Hata aliyepotea njia alielekezwa baada ya kuonyeshwa redio.”

Kikundi cha wanawake kikamwalika awafundishe. Mbele yao akabandua kifuniko kwa kisu, ili waione koili. Koili yake haikuwemo. Ndani mlikuwa na matumbo ya redio ya dukani, yenye chapa ya kiwanda. Mtu mmoja akacheka. Mama akarudisha kifuniko, akasema somo limeahirishwa, akaenda nyumbani kwa miguu.

Mumewe hakukana. Alisema roho ilimuuma kumwona amevunjika moyo. Na kosa lenyewe lilikuwa dogo. Waya ule hupakwa vanishi inayozuia umeme, na mama hakukwangua ncha zake kabla ya kuziunganisha. Basi. Kazi ya wembe, mara moja imekwisha.

Binti alikuwepo, na maneno ya mama yake anayakumbuka: “Nilikuuliza. Kwa mdomo wangu nilikuuliza, nimekosea wapi. Ukaniambia sijakosea. Umenifanya nijivunie kitu kisicho changu.”

Alisalitiwa, wasikilizaji. Tusilipake neno hilo sukari kwa kuwa aliyemsaliti alimpenda. Aliyelijua jibu ndiye aliyelificha, na hilo lilimkata maini kuliko kicheko cha ukumbini.

Akaunda nyingine, dukani kwake, mbali na macho ya mume. Safari hii ncha alizikwangua. Haikuwa na spika, ila kidude cha kuweka sikioni, na ilishika kituo kimoja tu: hiki. Nyumbani waliendelea kula na kucheka pamoja. Mengine yote alimsamehe. Lakini kila mara mumewe alipoomba kusikiliza japo kidogo, alijibiwa, “Sikiliza ile uliyoiunda wewe.” Mama amekwenda kaburini hajamwonjesha.

Jana binti alimkabidhi baba yake redio ile. Kifuniko chake hakina gundi. Mzee akakifungua, akaziona ncha za waya zimekwanguliwa vizuri, zinang'aa. Akaona pia kiungo kimoja kimelegea. Mkono ukaenda wenyewe kwenye chuma cha kulehemu. Binti akamshika. “Baba, usiiguse.”

Kwa mzee, kwa binti, na kwa wote wanaovaa nguo alizoshona mama yule, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani alituuliza amekosea wapi, tukamdanganya ili atabasamu?

Mzee, binti yako ameniambia kwamba saa hizi umeweka kidude kile sikioni. Najua sauti yangu inakwaruza. Iache hivyo hivyo. Ndiyo kazi ya mkeo.