Ripoti Niliyomtengenezea Binti Yangu

Mama zangu, dada zangu, salamu kwa wote. Mmeniomba nisimame, nami nimesimama kwa aibu.

Mnanijua kwa kazi ya kago, kusafirisha mizigo ya watu, hapa Xiaobei, Guangzhou. Nilikuja na binti yangu akiwa na miaka saba. Ada za shule za hapa zilinishinda, nikasema akae nami nyuma ya kaunta, atasoma mwakani. Mwakani ikaja ikapita, na nyingine, na nyingine. Kichina akawa anakimwaga, anabishana bei na laoban, mwenye duka, mpaka laoban mwenyewe anacheka, nami najisifu: huyu ana akili, shule ya nini? Ndugu zangu, nawaambia, nilijidanganya mchana kweupe.

Alipofika miaka kumi na minne alilia anataka kurudi nyumbani kusoma. Nikaambiwa Wizara ya Elimu inataka ripoti za shule alikotoka, ndipo apangiwe darasa. Ripoti zipi? Sasa sisi wa Guangzhou si tunajijua: kitu chochote, peleka sampuli, utatengenezewa. Nikapeleka kwa wachapaji ripoti ya kuazima. Siku mbili tu, nikaletewa ripoti za miaka saba za shule ambayo haipo, na mihuri yake, binti yangu akiwa wa pili darasani. Nilifurahi, jamani! Msicheke, wengine nawaona mnatazama chini.

Tukasafiri nyumbani. Wizarani tulipokewa na afisa, mama mtu mzima, mpole. Akazisoma zote. Kisha akamgeukia mtoto: "Hongera, mwanangu. Mwalimu wako wa hesabu aliitwa nani?"

Binti yangu akanitazama, akangoja nimpe jina.

"Samahani, mama," akamwambia afisa, "mimi sijawahi kuwa na mwalimu."

Nikapiga magoti palepale. Yule mama angeweza kuniitia polisi. Akasema tu, "Mtoto hana kosa. Apimwe, aanze anapoweza."

Akapimwa. Darasa la tatu. Magoti yake hayaingii chini ya dawati.

Tangu siku hiyo hanisemeshi, mwaka wa pili huu. Anaishi kwa dada yangu huko nyumbani, nami nikarudi huku peke yangu. Nikipiga simu nasikia anapumua, halafu anakata. Kuna wiki sikutoka kitandani, nilitamani kufa. Nyinyi ndio mliogonga mlango na uji mkononi. Mungu awalipe. Namshukuru yule mama wa wizarani, na dada yangu anayenitumia picha za madaftari. Mtoto amerushwa madarasa mawili. Sasa naujua mwandiko wake, zamani sikuujua.

Sijapona, nisiwadanganye. Ila mwenye mtoto nyuma ya kaunta asingoje mwakani. Ampeleke shule sasa, mtoto angali anamwamkia asubuhi.