Bi Thuwaiba Jeilani na Mtambo wa Barafu wa Chundwa

Leo Ijumaa, tarehe thelathini na moja Oktoba, Bi Thuwaiba Jeilani anaiaga meza yake katika Mfuko wa Biashara Visiwani, tawi la Amu, yaani Lamu mjini, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Alianza kama karani wa kupokea wageni, akawa karani wa mikopo, kisha akapandishwa kuwa afisa mkuu wa mikopo, cheo anachostaafu nacho. Meneja wetu, Bwana Ndirangu, alinipa mimi, Idris Bakr, kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa tumekaa chumba kimoja, meza zikitazamana, tangu niajiriwe, nami pia ni afisa wa mikopo. Hakuniuliza kama nataka.

Basi niseme mapema. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi ninazo, tena nyingi. Nitazieleza kwa adabu, na nikimsifu nitasema mashaallah, ili kesho akipata mafua isisemwe ni jicho langu.

Sababu ya kwanza ni mlango. Anayeingia ofisini kwetu hukutana kwanza na meza yangu. Hunisalimu, huniuliza hali ya mama, kisha hunipita akapange foleni kwa Bi Thuwaiba, nami nimekaa na kalamu mkononi sina mteja. Mzee mmoja wa Pate aliwahi kuketi kwangu. Furaha ikanijaa, nikamwagizia kahawa. Aliimaliza, akanishukuru, akasema alikuwa akipumzisha magoti tu mpaka zamu yake kwa Bi Thuwaiba ifike. Chema chajiuza. Mashaallah.

Halafu kuna vyeti. Ofisi ilipoingia kwenye kompyuta nilipelekwa Mombasa kusoma, nikarudi wa kwanza darasani. Bi Thuwaiba hakwenda. Alikuwa na arusi ya mpwa wake. Mwaka huo huo akachaguliwa mfanyakazi bora, akapewa saa ya ukutani. Kwenye semina za Nairobi husinzia kuanzia chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana, na bado wakubwa humkumbuka kwa jina. Mimi huniita yule kijana wa Lamu, na mvi ninazo.

Hayo ni madogo. Kinachoniuma hasa ni Chundwa.

Bi Mwanamkisi Madi wa Chundwa, kisiwani Pate, alichukua mkopo kwetu akanunua mtambo wa kutengeneza barafu, ili wavuvi wa kwao wasiuze samaki kwa bei ya kutupa. Serikali ilidhamini sehemu ya mkopo, nasi tukaushika mtambo rehani, na rehani ikasajiliwa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka hoteli moja ya Shela aliyokuwa akiiuzia samaki ilipofungwa bila kumlipa. Wadai wake wengine wakamfikisha mahakamani, akatangazwa kuwa amefilisika. Friji za dukani zikauzwa, na sehemu yake katika boti ya familia pia. Mtambo haukuguswa kwa sababu ya rehani yetu. Muda uliowekwa na sheria ulipokwisha, mahakama ikamwondolea ufilisi, na madeni yake yakafutwa.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na mtu wa bara asingelifanya kosa hilo. Kwetu sisi rehani hulifuata deni. Mtu akikusamehe deni mbele ya mashahidi, kitu chako alichokishika hurudi siku ile ile. Ndivyo watu walivyosomeshwa chuoni, kwa walimu wa Kurani, na ndivyo walivyotendeana miaka yote. Bi Mwanamkisi aliona mahakama imemsamehe. Akamshukuru Mungu, akasomesha maulidi, na mbele ya imamu na mji mzima akautoa mtambo kuwa wakfu wa madrasa: yeye abaki kuuendesha kwa mshahara mdogo, faida iwalipe walimu. Sheria ya serikali haiendi hivyo. Deni lililofutwa ni lile lililokuwa shingoni mwake. Yeye hadaiwi tena wala hashtakiwi. Rehani iko juu ya mtambo, na mahakama haikuiondoa.

Hili nililijua mimi kwanza. Naomba watu wote walisikie. Nilimweleza meneja, nikapanda boti ya mizigo pamoja na fundi na spana zake, tukaenda kuuchukua mtambo. Nilisimama mbele ya banda la barafu nikaieleza sheria bila kukosea hata neno. Hakuna aliyenitukana. Waliniuliza kwa upole tu kama nimekuja kuchukua mali ya Mungu. Bi Mwanamkisi alikaa kizingitini akilia kimya. Riziki yake ilikuwa pale, na jina lake pia, kwa sababu mji ulishamwita mtoa wakfu na sasa ungemwita mwanamke aliyemtolea Mungu kitu kisicho chake. Nilirudi Amu na boti tupu.

Wiki iliyofuata akaenda Bi Thuwaiba. Alisema yale yale niliyoyasema mimi. Nimeuliza, nikahakikisha: yale yale. Lakini mimi niliyasema nimesimama juani, nikapewa migongo. Yeye aliyasema ameketi jamvini, baada ya kushinda akichagua mchele na wanawake wa nyumba ya Bi Mwanamkisi, na aliletewa madafu. Kisha akamwuliza imamu kama kitu kilicho rehanini chaweza kuwa wakfu. Imamu akajibu papo hapo kwamba hakiwezi mpaka aliyekishika aridhie au alipwe.

"Basi wakfu wenu wangoja," akawaambia, "na sisi twangoja. Tutazame mtambo wenyewe wafika bei gani."

Tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba ofisi yataka kuunyang'anya mji. Mji ulikuwa na wakfu usiotimia, na kila mtu akataka thawabu ya kuutimiza. Mthamini akaletwa. Mtambo ulikuwa umeliwa na chumvi, na gharama ya kuung'oa na kuuvusha ilimega sehemu kubwa ya bei. Thamani hiyo ndogo ndiyo tu tuliyokuwa tumeishika. Ile sehemu ya mkopo iliyodhaminiwa tulilipwa na serikali, na deni lililobaki lilizikwa pamoja na ufilisi. Watu wakachanga, wanawake wakauza bangili, na Bwana Ndirangu akakubali walipe kwa awamu huku mtambo ukiendelea kutoa barafu. Mahesabu yote hayo niliyafanya mimi. Chundwa humwombea dua Bi Thuwaiba kila Ijumaa. Roho yaniuma, nisiseme uongo.

Awamu ya mwisho iliingia Jumatatu hii. Ilibaki saini ya afisa mmoja wa mikopo ili rehani ifutwe na mtambo uwe huru. Jalada lilikaa mezani kwa Bi Thuwaiba, kwenye ukingo unaoelekea kwangu, na hakuligusa. Nikajua anaiweka saini hiyo kwa ajili ya leo, mbele ya wageni na keki, Chundwa wapate kumpenda upya. Sikuweza kuvumilia. Jumanne alipokwenda kuswali adhuhuri nililichukua jalada, nikatia saini mimi, nikalituma. Aliporudi aliitazama meza yake, akaniuliza kama nimekula.

Jana Bwana Ndirangu aliniambia kwamba Jumatatu alimwuliza kwa nini hatii saini. Bi Thuwaiba alimjibu kuwa saini ile ni ya Idris. Kwa hiyo hata ile niliyodhani nimemwibia, alikuwa amenipa. Ukarimu huo pia namhusudu, maana mimi nisingeuweza.

Jumanne ile ile jioni Bi Mwanamkisi alinipigia simu. Alilia, akaniombea dua kwa jina langu, akasema sasa ataweza kupita msikitini bila kuinamisha kichwa. Kabla ya kukata aliniomba nimfikishie Bi Thuwaiba salamu zake na za mji mzima. Sikuzifikisha. Nimekaa nazo tangu siku hiyo, kwa kuwa nilitaka Chundwa iwe yangu japo kwa siku chache.

Salamu ni amana, na leo naitua mbele yenu. Bi Thuwaiba, Chundwa wakusalimu. Mtambo uko huru na wakfu umetimia. Kwa niaba ya meneja na wafanyakazi wote tunakushukuru kwa miaka uliyotupa, na Mola akujaalie afya, umri na pumziko la raha nyumbani kwako. Na baada ya salamu zao, pokea na zangu.