Upande wa Pili wa Kanda ya Muhidini

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum, na wakubwa zangu, shikamooni. Leo tunamkumbuka Muhidini Masoud wa Kerege, mpiga saksafoni. Alifariki siku arobaini na moja zilizopita. Muziki wake hatujaupiga mpaka leo. Nyumba yenye matanga haipigiwi muziki, nasi tukangoja arobaini ipite.

Muhidini alirekodi albamu moja tu. Moja. Nyimbo sita za jazi, siku moja, mwaka 1988. Kisha bendi ikavunjika. Kanda zilikuwa chache, zikapotea. Ikabaki ya kwake.

Baba yake, Maalim Masoud, alifundisha madrasa. Saksafoni aliiita bomba la choo. Mwanawe akipiga uani, yeye anafunga dirisha.

Sasa sikilizeni. Siku moja palikuwa na hitima pale nyumbani, Maalim anasoma Yasini. Mkewe, Bi Fatu, akataka sauti ile ibaki. Akabonyeza redio kaseti, asiangalie imo kanda gani. Ilikuwa ya Muhidini, upande wa pili. Nyimbo tatu zikafutika.

Mjane wa Muhidini, Bi Habiba, ndiye aliyenisimulia haya. Jioni Muhidini akamwambia mama yake, "Mama, umetuweka kanda moja. Humu ndani tulishindwana." Mwezi haukuisha, Maalim akafariki.

Basi ile Yasini nani angeifuta? Watu walimsihi Muhidini ailete kanda redioni. Alikataa. Alisema nusu ya kazi haipelekwi mbele za watu, atazirekodi upya zile tatu. Bendi haikurudi. Mapafu yakachoka. Amekufa hajajisikia redioni.

Juzi Bi Habiba alikuja nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Akaniambia, "Mwanangu, nusu ndiyo iliyopo. Yeye alikuwa mbishi, mimi si mbishi. Ipige, ila mwisho usiukate."

Mwisho huo nimeusikiliza mara tatu. Saksafoni inanyamaza. Muhidini anavuta pumzi, anawaambia wenzake, "Haya, geuza. Twende upande wa pili."

Upande wa pili tumewaachia wenyewe. Watausikiliza nyumbani.

Pole sana, Bi Habiba. Poleni watoto na Kerege nzima. Mola amrehemu, yeye na baba yake. Nawe msikilizaji, kama kwako kuna kazi ya mtu unayoisubiri ikamilike, kaisikilize leo, na mwenyewe angali anakusikia ukimsifu.

Naibonyeza sasa. Nusu yako hii hapa, Muhidini.