Taa ya Injini ya Noeline

Kivuko kilikuwa kimeshaondoka Wellington nilipomsikia mama wa meza ya jirani, Noeline, akimlalamikia bwana asiyemjua aliyeketi mbele yake na pai ya nyama. Gari-nyumba lake, lililokuwa chini pamoja na magari mengine, lilikuwa likiwasha taa ya injini kila safari. "Mafundi wamebadilisha sensa, kile kihisi cha injini, mara tatu. Nimechoka! Kuna mtu ananingoja huko tunakoshukia, Picton, alinunue."

Yule bwana, Murray, fundi mstaafu wa malori, aliweka pai chini. Kwa wanaume wa kwetu hilo si jambo dogo. "Inawaka wakati gani?"

"Nikikata kona ya kushoto."

"Kushoto tu? Basi sensa haina kosa, bibie. Injini ikilalia upande, kuna waya unavutwa."

"Mafundi watatu hawakuuona, wewe umeuona ukiwa umekaa hapo?"

"Walikuuliza?"

Noeline akasema polepole kwamba mafundi waliongea na mkwewe, yeye akaambiwa asubiri nje. Gari hilo alizunguka nalo nchi nzima na marehemu mumewe, miaka kumi na moja.

"Usinipe matumaini ya bure, mzee."

"Nipe dakika kumi tu chini ya gari."

Walibishana hadi kivuko kilipofunga gatini, tukaitwa tushuke kwenye magari. Noeline akatangulia ngazini, kisha akageuka.

"Ukikosea," akamwambia, "utalinunua wewe."